Hakuvuji, Funga

Mwalimu alikuwa ameshika mpira wa maji, suruali imekunjwa hadi magotini, akilimwagia gari maji kama mtu anayezima moto kwa jirani asiyempenda: bila haraka yoyote.

"Mwenye nyumba," akaita, "kunavuja?"

"Hakuvuji," sauti ikajibu kutoka ndani. "Funga."

Mwalimu akafunga bomba. Alikuwa bado anajipongeza moyoni kwa kazi ya gundi aliyoifanya kwenye madirisha wakati mlango wa jikoni ulipofunguka, shemeji yake Kinyozi akatoka, taulo begani, shavu limevimba kwa mkate, akauliza mbona maji yamefungwa na yeye hata hajaingia garini.

Jambo likaanzia hapo, dogo, kama tundu la msumari kwenye gurudumu.

Mwalimu alikuwa mstaafu, mgane, mrefu, mkavu, mtu wa kupanga spana zake kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Kinyozi, aliyemwoa mdogo wake wa kike, alikuwa mfupi, tumbo mbele, na mdomo uliotoka kiwandani bila breki. Ukiacha ndoa hiyo, kilichowaunganisha ni ugonjwa mmoja: kufufua magari makuukuu. Wenzao hufuga kuku. Wao walifuga kutu. Na hili lililokuwa likioshwa uani, vani la zamani lenye pua bapa, taa za mviringo na mgongo ulioinuka, ndilo lililowatia wazimu kuliko yote. Walilipa jina Kobe.

Walilikuta nyuma ya kinu cha nafaka kilichokufa zamani, limelala miaka na miaka bila mlango wa ubavuni. Majani mabichi yalikuwa yameota hadi kwenye kizingiti chake na hakuna mbuzi aliyeyagusa. Kinyozi akasema mbuzi wa huko wana adabu. Wakalivuta hadi kwenye banda la Mwalimu, wakakwangua, wakaziba, wakapiga msasa, wakalitafutia mlango kutoka kwa gari jingine la aina hiyo. Siku ya maji ilikuwa ndiyo siku ya kuufunga mlango huo kwa mara ya kwanza.

Walikuwa na desturi yao. Gari likishawekwa mipira ya madirisha, mmoja hujifungia ndani na kurunzi na magazeti makavu, mwenzake humwaga maji nje. Wa ndani walimwita mwenye nyumba, kwa sababu, alivyoamua Kinyozi, yeyote anayekaa pakavu huku mwenzake akilowa ni mwenye nyumba tu, hakuna jina jingine.

Mwalimu akauburuta mlango. Magazeti yalikuwa makavu. Siti ya nyuma ilikuwa inainuka polepole, sponji ikijaa upepo, kama siti inavyoinuka akishaondoka mtu mzito.

Akasonya. Kinyozi aliwahi kuigiza sauti ya mjomba mtu kwenye matanga ya mjomba huyohuyo, waombolezaji wawili wakaruka ua. Mtu wa namna hiyo akikwambia hakuwa ndani, unamwamini kwa kipi? Kinyozi akaapa kwa mkate uliokuwa mdomoni. Mwalimu akamwambia ameze kwanza.

Wangelimaliza kwa kicheko kama kawaida, lakini Kobe hakuwa mchezo. Mama yake Mwalimu, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa anapofuka. Ukungu ulishafunga jicho moja na ulikuwa unalifuata la pili, na daktari alisema kwa umri ule kisu hakitafaa kitu. Bibi huyo hakulia. Aliomba jambo moja: marehemu mumewe alikuwa akiendesha vani kama lile, basi kabla giza halijamaliza kazi yake, apandishwe kiti cha mbele aione tena barabara ya kilimani kupitia kioo kile kipana. Kila asubuhi aliuliza, "Kobe anasemaje?" Na kila asubuhi wanawe walimjibu, "Karibu, mama."

Ikaja harufu. Ilikuwa harufu ya nywele zilizoungua, na ilikaa ndani ya gari tu. Ukitoa kichwa dirishani huisikii, ukikirudisha inakusubiri palepale. Nywele zilizoungua, na fundi mwenzako ni kinyozi: Mwalimu hakuhitaji mpelelezi. Akaanza kuamini kwamba shemeji yake anajificha mle garini. Kinyozi naye alikuwa na yake. Kila asubuhi alikuta kioo cha kutazamia nyuma kimegeuzwa, kimeelekezwa juu sana, kama kwa mtu ambaye kichwa chake kinagusa paa. Nani mrefu pale? Akaanza kuamini kwamba Mwalimu, na upweke wake wa ugane, anamkaribisha mtu.

Mke wa Kinyozi, fundi cherehani, aliyekuwa anamshonea Kobe mapazia, akaongeza kuni motoni. Alikuta unywele mmoja mweusi umezungushwa kwenye fimbo ya pazia, akaanza kuuvuta, akavuta, akavuta, mpaka ukamjaa kiganja kama uzi wa kufumia. Akauweka mezani mbele ya mumewe wakati wa chakula.

"Wewe unanyoa wanaume," akamwambia taratibu. "Huu ni wa mteja gani?"

Kinyozi, kwa mara ya kwanza katika ndoa ile, akakosa mzaha. Akasema amuulize kaka yake. Kaka mtu alipoulizwa, akasema kikulacho ki nguoni mwako, akaingia ndani na kufunga mlango. Ikawa hivyo. Watu waliokuwa wakigombania spana moja kwa vicheko sasa walikuwa wakisalimiana kama wapangaji waliogombea choo. Mwalimu akachomoa waya wa betri, akaulaza chini ya mto wake, ili mtu asimwendeshe Kobe kwa siri. Kinyozi, bila kujua hilo, akachomoa plagi zote za injini akazificha kwenye droo ya mashine zake za kunyolea. Gari lisilo na waya wala plagi haliendi hata likisukumwa na dua. Lakini kila mmoja, kwa wakati wake, aliweka kiganja juu ya injini asubuhi na kukiondoa haraka, kwa kuwa injini ilikuwa ya moto, na kila mmoja akaenda zake akimlaani mwenzake.

Naye mama kule ndani jicho lilikuwa linazima.

Ndipo Mwalimu akaamua kumkamata mtu. Magharibi ilipokaribia alitandaza boksi chini ya Kobe, akajilaza chali, pua karibu iguse springi, akangoja. Mwanga wa nje ulikuwa bado mwekundu kwenye mlango wa banda. Aliona mafuta yaliyoganda kwenye chesesi, mifupa ya gari, akaona buibui, akasikia jirani akiita watoto wake ndani. Kisha springi zikalia. Hakuna mlango uliofunguliwa, hakuna mguu uliopita, lakini gari likashuka upande wa mbele kwa uzito wa aliyekaa, kisha uzito ukainuka ukaanza kutembea juu yake kuelekea nyuma, hatua moja, kisha nyingine, bati likibonyea na kurudi kila unyayo ulipokanyaga, na Mwalimu akawa anazifuata kwa macho kupitia chuma, kutoka usukani hadi siti za katikati, kutoka siti za katikati hadi mlango wa nyuma, akijua kwa kuwa sakafu ile aliichomelea mwenyewe kwamba hapo gari linaisha na mtu lazima asimame au ageuke, lakini hatua hazikusimama wala hazikugeuka, ziliendelea kwenda, mbali zaidi na zaidi, kama mtu anayetembea kwenye ukumbi wa nyumba kubwa isiyo na mwisho, mpaka zikawa hafifu, na harufu ya nywele zilizoungua ikashuka kupitia matundu ya skurubu ikamlalia kifuani.

Miguu miwili ikasimama kando ya gurudumu. Mwalimu alivijua vile viatu. Kimoja kilikuwa na doa la rangi ya Kobe. Kinyozi naye alikuwa amekuja kukamata mtu. Akainama, uso wake ukatokea kichwa chini.

"Shemeji," akanong'ona. "Uko chini au uko juu?"

"Niko chini."

Kinyozi akafikiri. "Basi juu kuna nani?"

Juu yao hatua zilikuwa zinarudi, kutoka mbali.

Walikutana tena uani, nyuma ya tangi la maji, wameshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara. Mwalimu akakiri kuhusu waya. Kinyozi akakiri kuhusu plagi. Wakatazamana. Kila mmoja alitamani, pengine kwa mara ya kwanza maishani, mwenzake awe mwongo.

Mganga alikuja siku iliyofuata alasiri. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa na macho kwenye saa, akisema ana wagonjwa wengine wanamsubiri. Akamzunguka Kobe, akagonga bati kwa kucha, akachungulia chini, na kwa dakika kadhaa ungedhani ni mnunuzi. Akauliza mlango ule ulifungwa lini na kitu gani kilisemwa. Wakamweleza: mpira wa maji, swali, jibu. Akavua miwani.

"Hebu nielewe," akasema. "Alikuwa amejikalia gofuni, hana hata mlango. Mkamtengenezea nyumba. Mkampaka rangi. Mkamshonea mapazia. Mkamwita mwenye nyumba, naye akaitika. Tena mkamuuliza kama kunavuja. Hata mimi nisingehama."

Kinyozi akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

Dawa, alisema mganga, ni kuiharibu nyumba. Wakate mipira ya madirisha waliyoibandika, wamwage maji upya, waulize tena kama siku ile. Mwenye gari halisi awe amekaa ndani, ajibu yeye, kwa mdomo wake, kwamba kunavuja. Mpangaji yeyote nyumba ikivuja huondoka. Ila wafunge milango na madirisha yote ya nyumbani kwanza, kwa sababu akitoka atatafuta mahali pakavu.

Likabaki swali la mwenye gari. Wanaume hao, waliokuwa wamegombania Kobe hadi kufichana plagi, wakawa wakarimu ghafla.

"Gari ni lako, shemeji," alisema Mwalimu.

"Mimi? Mimi nilishika jeki tu. Sakafu nzima ni yako."

"Rangi ulichagua wewe."

"Nilichagua vibaya, ulisema mwenyewe."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, uso ameuelekeza walipo. Akainuka, akapapasa ukuta.

"Nyamazeni," akasema. "Mlilitengeneza kwa ajili ya nani?"

Walimkatalia, binti yake akalia, lakini mganga akatazama saa, akasema bibi ndiye. Mwalimu akashika kisu na kuikata mipira aliyoibandika kwa siku nyingi, dirisha moja baada ya jingine, taya limemkaza kama anang'olewa jino. Binti mtu akafunga kila kilicho na mlango: nyumba, jiko, choo, kabati, hata sufuria akazifunika. Mama akasaidiwa kupanda. Aligusa siti, akagusa pazia, akatabasamu kidogo kuelekea mahali pasipo na mtu. Mlango ukaburutwa.

Kinyozi akamwaga maji. Yaliingia kwa mikondo, waliyasikia yakipiga sakafu ndani. Gari likaanza kutikisika, si kwa nguvu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Harufu ikatoka madirishani, nzito, ikawajaa puani wote waliokuwa uani.

"Mwenye nyumba," Mwalimu akaita. "Mwenye nyumba, kunavuja?"

Maji yakaendelea kulia. Binti akasogea hatua moja, mganga akamshika mkono.

"Kunavuja," ikaja sauti ya mama kutoka ndani, dhaifu lakini yake. "Kunavuja sana."

Springi zikalia mara moja na gari likainuka kama lililoshusha mzigo. Harufu ikakatika palepale, kama mshumaa uliobanwa kwa vidole. Mganga akafunga mkoba wake, akasema haya, na kabla hawajamaliza kumshukuru alishafika njiani. Kinyozi akamkumbatia Mwalimu kiunoni, ndipo alipofikia, na wote wawili wakalia bila aibu. Waliahidi papo hapo kwamba kesho waya utarudi, plagi zitarudi, na mama atapanda kilimani hata kama madirisha yamefungwa kwa nailoni.

Binti mtu alimpokea mama mlangoni mwa gari na taulo. Siti zilikuwa zinachuruzika. Sakafu ilikuwa dimbwi. Akamfuta mama mabega, akamfuta kichwa, akatazama taulo. Lilikuwa kavu. Akadhani hajafuta vizuri, akafuta tena.

Mawingu yaliyokuwa yamejikusanya tangu mchana yakamwaga kabla ya jioni. Walikuwa wote sebuleni, Kinyozi akiwa amesimama mlangoni akisimulia upya habari ya hatua za juu ya chesesi, na safari hii hadithi ilikuwa na mbwembwe na yeye ndiye shujaa. Mkewe alikuwa anahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Mama akanyoosha mkono akaichukua. Akautunga uzi mara moja, bila kulamba ncha, bila kuisogeza sindano karibu na jicho, akamrudishia.

"Shati la mumeo limekosa kifungo," akasema. "Cha pili kutoka chini."

Kinyozi akapapasa shati lake, akakuta uzi mtupu. Mwalimu akaweka kikombe chini polepole. Mvua ilikuwa inapiga bati. Mama aliinua uso kutazama dari, akakaa ameiangalia kutoka pembe hii hadi ile, shingo akiirefusha kama mtu ambaye kichwa chake kimezoea kugusa paa.

"Hakuvuji," akasema. "Funga."

Na Kinyozi, aliyekuwa mlangoni, akafunga kabla hajajua ametii sauti ya nani.