Asali ya Mgunga

Mtu akikwambia mapenzi huanzia machoni, mwulize kama amewahi kupekuliwa kikapu mbele ya stesheni ya Same siku ya gulio. Rogathe alipekuliwa, na ndivyo yalivyoanza.

Ilikuwa mwaka hamsini na tano, mwezi wa pili, jua la Same limekaza hasa. Treni ya kutoka Moshi ilikuwa imesimama, wachuuzi wanagombania madirisha ya mabehewa na mayai yao ya kuchemsha, na vumbi limewapaka watu mpaka kwenye kope. Rogathe, binti wa kijiji cha Mamba, milimani Upare, aliyekuwa akijifunza uuguzi hospitalini Gonja, alikuwa ameshuka kupokea sanduku la dawa. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, na viatu vya raba alivyovipaka chaki asubuhi, sasa vimekuwa vyekundu. Mkononi alibeba kikapu, na chini ya kikapu kulikuwa kunadondoka matone ya rangi ya damu.

Kaanaeli aliyaona. Alikuwa askari wa pori, kijana mrefu wa Ugweno mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na siku ile alikuwa amewekwa stesheni kuwanasa wanaosafirisha nyama ya kuwinda.

"Dada, samahani. Fungua kikapu."

"Kuna nini?"

"Kinavuja damu."

Rogathe akafunua majani ya mgomba taratibu, huku watu wameshaanza kusogea. "Ni zambarau, kaka. Au kwenu zambarau nazo huwindwa?"

Watu wakacheka. Kaanaeli naye, badala ya kununa kama askari wengine wangenuna, akaokota moja akaitia mdomoni. Rogathe akamtazama ulimi ulivyogeuka rangi, akamwambia, "Haya, sasa na wewe una damu mdomoni. Atakukamata nani?"

Basi, yakawa hayo. Kila Rogathe aliposhuka Same, Kaanaeli naye akawa na shughuli karibu na duka la Mhindi. Walizungumza barazani kwa Kiswahili, kwa sababu yeye alikulia Kigweno na binti alikulia Chasu, yaani Kipare, na kila mmoja alimcheka mwenzake matamshi. Kaanaeli alimwita Zambarau. Rogathe alijifanya kukasirika, lakini siku asipoitwa hivyo alirudi mlimani amenuna.

Tatizo lilikuwa baba. Mzee Eliakunda hakuwa mtu mbaya, na sitaki mtu amfikirie hivyo, ila alikuwa mgumu, na tangu Serikali iweke mpaka wa pori la akiba kule bondeni, ugumu ule ulikuwa umezidi. Ujana wake wote alikuwa akishuka kule kutundika mizinga ya nyuki. Mpaka ulipowekwa, akaambiwa asikanyage tena. Rogathe alimweleza Kaanaeli habari hii, kwamba baba alikuwa mtu wa nyuki na kwamba hapendi kaptula za kaki. Mizinga ilikuwa wapi hakusema, maana hakujua.

Akamweleza pia desturi ya kwao. Zamani mchumba alipeleka pombe ya miwa. Wazee wa ukoo wao walipobatizwa wakaiacha pombe, wakaweka asali mahali pake. Mchumba hubeba kibuyu kwa mkono wake mwenyewe, akakiweka mbele ya baba wa binti. Baba akionja, mlango umefunguliwa. Akikirudisha, umefungwa, na hakuna wa kumwuliza sababu.

"Tena iwe ya mgunga," Rogathe akasema. "Asali ya mlimani baba huionja kwa heshima tu. Ya mgunga wa bondeni ndiyo humfanya acheke."

"Ya mgunga nitampatia," Kaanaeli akajibu, na akajisikia mwanamume.

Pasaka ikafika. Watu wa mtaa walikuwa wamekubaliana kukodi lori ili Jumatatu ya Pasaka kila nyumba ishuke na wake na watoto kutembea, wale chakula bwawani ndani ya pori la akiba na kuwaona tembo. Bwana Nyama, yule mzungu aliyesimamia pori, alitoa ruhusa na akamteua Kaanaeli kuwaongoza. Kilichowashangaza watu ni kwamba Mzee Eliakunda alikubali kwenda. Mwaka mzima alikuwa akisema, "Mimi nikaonyeshwe pori nililotembea nikiwa na meno ya utoto?" Sasa alikuwa amekaa kiti cha mbele cha lori, koti jeusi la kanisani mwilini.

Siku ilianza vizuri mno. Mvua ilikuwa imenyesha wiki ile, majani mabichi, watoto wanapiga kelele kila wakimwona swala. Akina mama walitandika khanga chini ya miti mbali kidogo na maji, masufuria ya makande yakafunuliwa, chai ikamiminwa vikombeni. Tembo walikuja ng'ambo ya bwawa, mama na ndama wake, na hata wazee walisimama kutazama. Kaanaeli aliwaweka watu nyuma yake, bunduki begani, akieleza kwa sauti ya chini upepo unavuma kutoka wapi. Mzee Eliakunda alimtazama kijana, akamwambia mkewe kwamba huyu angalau anajua kazi. Rogathe alisikia, akainamisha uso kwenye sahani yake ya makande.

Baada ya chakula Kaanaeli akavua kofia, akaenda kwenye mkoba wake, akatoa kibuyu. Watu wakaweka vikombe chini. Akapiga goti moja mbele ya mzee.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Akaweka kibuyu chini, hakusema zaidi, kwa kuwa desturi haitaki maneno. Shangazi Dorkas, dada wa mzee, ambaye tayari alikuwa na mwalimu mmoja wa Gonja aliyetaka amwoe Rogathe, alikaza midomo. Mzee akakigeuza kibuyu, akakifungua, akanusa. Uso ukamlegea. Akachovya kidole, akaonja.

Akacheka. Rogathe alikuwa hajamsikia baba yake akicheka hivyo tangu mpaka uwekwe, na machozi yakamtoka hapo hapo bila haya.

"Ya mgunga," mzee akasema. "Na si mgunga wowote. Umeipata wapi, mwanangu?"

Kaanaeli, kwa furaha na ujinga, akajibu kila kitu. Kwamba kuna mgunga mkubwa karibu na jabali jeusi, si mbali na hapo. Kwamba kulikuwa na mzinga mkongwe usio na mwenyewe. Kwamba Bwana Nyama alikwishatoa amri mizinga yote ishushwe ichomwe, naye akaona ni dhambi kuchoma na asali yake, akairina kwanza.

Mzee aliacha kucheka. Akafunika kibuyu polepole, akakifunga na kamba yake, akasimama.

"Nipeleke," akasema.

Wakaenda watatu, Kaanaeli mbele, mzee, na Rogathe nyuma, maana hakuna aliyethubutu kumzuia. Chini ya mgunga palikuwa na jivu lililokwisha kulowa mvua. Mzee akainama, akalichambua kwa fimbo, akatoa kipande cha gogo kilichosalia, cheusi upande mmoja. Upande wa pili kilikuwa na mistari miwili na duara iliyochongwa kwa kisu. Kwa Wapare wa kule Mamba kila ukoo una alama yake, na mzinga wenye alama ni mali ya mtu hata ukining'inia juu ya kitanda cha mfalme. Kaanaeli aliiona alama ile siku aliyoshusha mzinga. Aliiona na haikumwambia kitu, kwani kwao Ugweno hakuwahi kuiona.

"Huu aliuchonga baba yangu," mzee akasema. "Leo nimekuja niutazame tu. Nilijua siruhusiwi kuugusa. Nilitaka kuutazama."

"Baba, sikujua. Naapa sikujua."

Mzee akampa kibuyu mkononi. "Umenichumbia binti yangu kwa asali yangu. Nimeonja kilicho changu, kijana. Huko si kuonja."

Akageuka akarudi kwenye lori, kipande cha gogo ndani ya koti.

Walibaki wawili. Kaanaeli akanyoosha mkono, Rogathe akarudi nyuma hatua.

"Nilikwambia baba alikuwa na mizinga huku," akasema. Sauti ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha Kaanaeli. "Nilikwambia kwa mdomo wangu. Ukaona mzinga, ukauchoma, na hukuuliza hata mtu mmoja."

"Ni amri, Zambarau. Ningefanyaje?"

"Usiniite hivyo. Kuchoma ni amri. Na kuja kupiga goti na asali yake mbele ya watu, hiyo nayo ni amri ya nani?"

"Kwa hiyo mimi ni mwizi?"

Mimi nadhani Rogathe angesema neno moja tu la kumtetea, yote yangekuwa mepesi, lakini alikuwa amemwona baba yake akichambua jivu. Alikwenda zake. Lori lilipanda mlima, masufuria matupu yakigongana.

Miezi ikapita. Rogathe hakushuka Same. Lilipohitajika sanduku la dawa, alimwomba mwenzake aende. Wodini alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, na usiku aliulaani mdomo wake kwa kutaja mgunga. Alimkumbuka sana yule kijana, na kumkumbuka kulimkasirisha. Wakati huo shangazi Dorkas hakulala. Mwalimu wa Gonja akaleta kibuyu chake, kikawekwa rafuni sebuleni, na shangazi akamtia kaka yake maneno mpaka akaahidi kwamba Jumapili ya kwanza ya Majilio, wiki nne kabla ya Krismasi, ataamua. Hakumwuliza binti. Siku zile wengi hawakuuliza.

Mwezi wa nane Kaanaeli akatokea Mamba, kwa miguu, bila kaki. Alivaa shati jeupe na suruali ya kijivu, na kichwani alibeba mzinga mpya wa gogo. Alikuwa ameuchonga mwenyewe, na viganja vyake vilionyesha. Rogathe alikuwa nyumbani siku ile ya mapumziko. Alimwona akipanda kilima, akatoka hadi mlangoni.

Mzee alimpokea uani, hakumkaribisha ndani.

"Sijaja kuchumbia," Kaanaeli akasema. "Nimekuja kulipa. Alama sikuichonga, si ya kwangu. Na nta sijapaka."

Kila mtu pale alielewa. Mzinga usiopakwa nta ndani nyuki hawauingii, na anayepaka nta ndiye mwenye mzinga. Mtu akiletewa mzinga wa fidia akaupaka, amepokea na amesamehe. Asipoupaka, ni gogo tu.

"Uweke ukutani," mzee akasema.

Rogathe akamsindikiza mpaka kwenye mfereji, mwendo mbali mbali.

"Ulijua mzinga ule ni wa nani?" akamwuliza. "Niambie mara moja tu, nitaamini."

"Sikujua. Lakini ulinieleza, na sikuuliza. Hilo ndilo kosa langu, na kila siku nikichonga nililifikiria."

Rogathe alitazama viganja vyake vilivyochubuka, na kwa jinsi muuguzi alivyo, akavishika avikague, akasahau kuviachia. "Nami nilikuacha kama mwizi," akasema. "Nisamehe. Ila baba asipopaka, Kaana, sitaweza kumpita."

"Najua. Sitakuomba umpite."

Gogo likakaa ukutani. Kila mapumziko Rogathe alipopanda nyumbani, kitu cha kwanza alikuwa akizunguka nyuma ya nyumba, anaingiza mkono ndani ya mzinga. Mti mkavu. Vuli ikaanza, migunga ikatoa maua huko bondeni, nyuki wakapita juu ya ua wa nyumba wakienda zao. Mkono ukitoka mkavu, alikuwa anaingia ndani na kuona kibuyu cha mwalimu rafuni, kinamngoja.

Jumamosi ya kuamkia Majilio alifika nyumbani asubuhi. Shangazi Dorkas alikwishafika, anapanga vikombe. Rogathe akazunguka nyuma.

Baba yake alikuwa amekaa chini, mzinga mapajani. Kando yake kulikuwa na kile kipande kilichoungua. Mistari miwili na duara ilikuwa tayari imechongwa kwenye gogo jipya, na mkono wa mzee ulikuwa umezama ndani ya mzinga mpaka kwenye kiwiko, unasugua. Hewa nzima ilinukia nta.

Hakumtazama. "Amechonga nene mno upande huu," akasema. "Nyuki watasikia baridi."

"Ndiyo, baba."

"Mwambie shangazi yako amrudishie mwalimu kibuyu chake. Kwa adabu." Akaendelea kusugua. "Na unalia nini? Nenda Gonja kwenye ile simu yenu."

Rogathe aliteremka Gonja karibu kwa mbio. Karani wa hospitali alizungusha mkono wa simu mara nyingi mpaka boma la Same likaitika. Aliyepokea ni Isihaka, karani wa huko, ambaye hakuwahi kuacha kusikiliza simu ya mtu. Alikwenda kumwita Kaanaeli, na alipomkabidhi chombo, hakuondoka.

"Haloo? Rogathe? Kuna msiba?"

"Baba amepaka nta."

Isihaka alisimulia baadaye kwamba kijana alikaa chini sakafuni, kofia kichwani.

"Unanisikia?" Rogathe akauliza.

"Nakusikia, Zambarau."

"Jumatatu ya Pasaka ijayo nyumba nzima tunashuka tena bwawani. Baba anataka wewe utuongoze. Lakini kesho baada ya ibada uje nyumbani, anakungoja uani mkautundike ule mzinga."

"Nakuja hata usiku huu. Nimletee nini?"

Rogathe akacheka, akafuta macho kwa kola yake nyeupe.

"Lete chochote, mpenzi," akasema. "Usilete asali."