Bendi ya Wasionyolewa

Jua lilikuwa limeshainamia ziwa Benigna alipomtuma mwanawe wembe.

"Ildefons, panda Kamachumu upesi. Ule wembe wa zamani umeshika kutu, na kesho asubuhi shangazi yako anakuja kutunyoa. Nenda urudi, mwana wange. Usipitie kwa watu."

Kununua wembe si safari. Mtu anapanda mlima, ananunua, anashuka. Lakini Benigna alisimama mlangoni akamtazama mpaka alipopotea kwenye migomba, kama mtu anayemsindikiza anayevuka ziwa. Hakuwa na mwingine wa kumtazama. Mume wake alikwenda vitani, hakurudi, hata koti lake halikurudi. Vita vikaisha, ukaja ule ugonjwa ambao watu wa Kagera waliubandika jina la Juliana, jina la zile nguo za magendo zilizovuka mpaka pamoja nao. Ukambeba binti yake Jovitha. Ukambeba Klaudia, binti mwingine, pamoja na mumewe. Na sasa ulikuwa umembeba Kristofa, mtoto wa kwanza, aliyelala nyuma ya nyumba chini ya migomba, udongo wake bado mbichi.

Amebaki Ildefons. Basi.

Tangu mazishi, nyumba nzima ililala chini, juu ya nyasi zilizotandazwa sebuleni, na hakuna aliyegusa nywele zake. Ndivyo msiba unavyokaliwa. Wazee walisema msiba una mlango, na mlango wake ni wembe. Watu wakishanyolewa na nyasi zikafagiliwa nje, kifo kinaambiwa: umekula, umeshiba, nenda zako. Lakini usiponyolewa hujatoka msibani. Na ambaye hajatoka msibani haendi penye ngoma, wala hapokei kitu cha kutafuna kwa mgeni, maana kifo bado kinamhesabu kuwa mtu wake.

Ildefons aliyajua hayo. Nani asiyeyajua?

Ila alikuwa na ugonjwa wake mwingine. Magitaa.

Huko visiwani alikokwenda kununua samaki wakavu, rafiki yake Mayenga, mvuvi wa Kisukuma, alikuwa na kaseti iliyotoka ng'ambo. Haikuwa dansi. Haikuwa kwaya. Magitaa yalikwaruza kama mabati yanayoburuzwa juu ya mawe, ngoma zikakimbizana kama watu wanaokimbia nyumba inayoungua, na mwimbaji hakuimba, alibweka. Wavuvi walicheka wakashika mbavu: "Huyu anaimba, au anang'olewa jino?" Ildefons hakucheka. Alisikiliza mpaka betri zikafa, akazianika juani, akasikiliza tena. Muziki wa chuma, ndivyo walivyouita. Tangu Kristofa afe, hakuna sauti nyingine duniani iliyoweza kukifunika kilio cha mama yake.

Dukani Kamachumu akanunua wembe, akautia mfukoni. Kugeuka, Mayenga huyo barazani, kichwa kimenyolewa kinang'aa mafuta, meno yote nje.

"Wewe Mhaya! Nimepanda toka mwaloni, kule ziwani, kwa miguu nakutafuta. Wale wa kwenye kaseti wapo!"

"Wapo wapi?"

"Hapa hapa. Ghala bovu la kahawa, nyuma ya mikaratusi. Leo. Nimeambiwa na abiria niliyemvusha jana."

"Abiria gani?"

"Nitamjuaje? Mtu mmoja ana nywele mpaka mabegani. Hakunipa hata salamu, kaniambia hilo tu."

Ildefons akajipapasa kichwa. "Nina msiba, Mayenga. Tunanyolewa kesho."

"Kesho si leo, bwana. Wimbo mmoja tu, unashuka. Mama utamwambia duka lilijaa."

Wimbo mmoja.

Giza likawakuta kwenye mikaratusi. Ghala lilikuwa na mwanga ndani, mwekundu, hafifu, kama makaa chini ya majivu. Hapakuwa na jenereta inayonguruma. Hilo Ildefons alilikumbuka baadaye, na halikumsaidia kitu. Mlangoni alisimama mtu mrefu, nywele zimemfunika uso. Hakudai kiingilio. Alinyoosha mkono akapapasa kichwa cha Mayenga.

"Huyu ana watu wake," akasema. "Arudi."

"Kiingilio ninacho, mzee wangu!"

"Arudi."

Kisha mkono ukaja kwa Ildefons. Ulikuwa baridi na unyevu kama shina la mgomba lililokatwa alfajiri. Vidole vikazama kwenye nywele zake. Vikatulia humo...

"Huyu wetu. Apite."

Mayenga akamshika shati. "Ildefons, tuondoke. Mbona mimi sisikii muziki wowote?"

Lakini Ildefons alikuwa anausikia. Aliusikia mpaka kwenye meno. Na Mungu amsamehe, aliona fahari kuchaguliwa. Akaubandua mkono wa Mayenga, akaingia.

Ndani walijaa tele. Hapakunuka pombe, hapakunuka jasho. Palinuka lubugo, ile nguo ya gome la mti tunayowavika maiti. Palinuka nyasi zilizolaliwa. Palinuka shimo lililochimbwa leo.

Jukwaani magitaa yalinguruma, na ulikuwa wimbo ule ule wa kwenye kaseti, lakini sasa uliingia kwa miguu, ukapanda kwa mifupa. Watu wote walitikisa vichwa, mbele, nyuma, mbele, nyuma, nywele ndefu zikirushwa kama mikia ya ng'ombe wanaofukuza nzi. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Ildefons naye akatikisa. Vumbi la nyasi kavu likawa linanyesha kutoka kwenye vichwa vyao, likamwingia machoni, akalia na kucheka pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi, Kristofa alimtoka moyoni.

Mpiga gitaa akashuka jukwaani. Gitaa lilibaki juu linaendelea kulia.

"Unazijua zote," alisema. Alinong'ona, na katika kelele zote zile Ildefons akamsikia vizuri. "Nimekuona. Unajua hata pa kupumua."

"Ninazipenda," Ildefons akasema.

"Mgeni hakai bila kutafuna."

Akafungua kiganja. Kahawa, zile punje zilizochemshwa na kukaushwa ambazo kila nyumba ya Kihaya humpa mgeni kabla hata hajaulizwa shida yake. Mtu wa kwetu hakatai kahawa. Kuikataa ni kumwambia mwenyeji kuwa yeye mchawi. Mkono wa Ildefons ukaenda wenyewe, kama ulivyofundishwa tangu utotoni. Akatia mdomoni. Akatafuna.

Ilikuwa na chumvi. Ilikuwa na ladha ya msumari.

"Jina lako nani?"

"Ildefons."

"Mama yupo?"

"Yupo."

"Anapika vizuri?"

Yule mtu akapandisha shati lake. Chini ya kitovu palikuwa na chale mpya, imeachama, haitoi damu.

Ildefons akaelewa alichomeza.

Wazee walikula mukago hivyo hivyo: mtu anachanjwa kitovuni, punje ya kahawa inapakwa damu, mwenzake anaimeza. Basi, mmekuwa ndugu kuliko wa tumbo moja. Ndugu wa mukago akija kwako akaomba mbuzi, unatoa. Akiomba kitanda chako, unalala chini. Ukimnyima, damu uliyomeza inakuvimba tumboni mpaka inakuua. Ildefons akatia kidole kooni. Hakikutoka kitu.

"Usijisumbue, ndugu yangu," yule akasema kwa upole. "Kwetu Kanazi tulikuwa wengi kama soko. Tukafa, tukafa, mimi nikawa wa mwisho. Nani angekaa msiba wangu? Nani angenyolewa, migomba? Nyasi zetu zimelala sebuleni mpaka leo, hakuna wa kuzifagia." Akaonyesha wale waliojaa. "Wote hawa. Nyumba zimefungwa. Msiba haukufungwa." Akainama karibu, na nywele zake zikamgusa Ildefons shavuni, zikiwa na udongo. "Ndugu wa mukago akiomba?"

"Hanyimwi," kinywa cha Ildefons kikajibu peke yake.

"Una wembe mfukoni. Nipe."

Akampa.

"Ahsante. Wewe kaa. Si ulilitamani gitaa? Lishike."

Likawekwa mikononi mwake, zito, baridi. Ildefons hakuwahi kushika gitaa maisha yake yote. Akalipiga! Vidole vilijua. Kelele ikamtoka kifuani ikapita kwenye nyuzi, na vichwa vyote vile vikatikisika kwa ajili yake, mbele, nyuma... Huo ndio ukatili wa jambo lenyewe. Alifurahi. Alifurahi mpaka alipoona mwanga wa alfajiri kwenye matundu ya bati, na ghala tupu, popo tu, na mikono yake imeshika hewa.

Akakimbia.

Alishuka mlima bila kuhisi mawe. Migomba ilikuwa na umande, hakulowa. Akafika nyuma ya nyumba yao, akasikia sauti ya mama yake.

Mama alikuwa anacheka.

Uani, kwenye kigoda, mtu alikaa mgongo kwake, kitenge cha mama kimefunika mabega. Shangazi Skolastika alikuwa anamnyoa. Nywele zilianguka ndefu, nyeusi, zenye udongo, zikajaa miguuni pake, na shangazi hakushangaa, na mama hakushangaa.

"Kichwa kigumu kama cha baba yake," shangazi akasema. "Na usiku alikotembea hasemi. Mwulizeni."

"Mwache," Benigna akasema. "Amerudi."

Kila shungi lililoanguka lilifunua kitu. Likafunua sikio, lenye kovu la jembe Ildefons alilopata utotoni. Likafunua paji la uso wake. Yule mtu akageuka kupanguswa, na ulikuwa uso wa Ildefons, umenyolewa, safi, unang'aa.

"Mama!" Ildefons akapiga kelele. "Mama, si mimi! Mimi niko huku!"

Shangazi akakunja uso, akatazama kuelekea mlimani.

"Hilo limuziki la Kamachumu halichoki tu? Mpaka asubuhi!"

Akapiga kelele tena. Akajisikia mwenyewe: mabati yanaburuzwa juu ya mawe.

Nyasi zikafagiliwa nje. Benigna akanyolewa. Msiba ukafungwa, na hakuna aliyekufa tena katika nyumba ile, na majirani wakasema Benigna kapata rehema. Yule kijana alilima, alipalilia, alikwenda misa, alimchotea mama yake maji. Samaki aliacha, visiwani hakukanyaga. Wengine walisema amebadilika kwa huzuni. Wengine walisema ule ugonjwa wakati mwingine hupanda kichwani. Mayenga peke yake ndiye aliyekuja kumtazama, akakaa naye barazani, akamuuliza ilikuwaje siku ile ghalani.

"Ghala gani?" yule mtu akasema.

"Ile bendi, bwana. Magitaa yako."

"Sipendi magitaa."

Mayenga akamtazama sana. Kisha akachokonoa sikio kwa kidole, kwa sababu nyuma yake kabisa, mdomo karibu na shingo yake, Ildefons alikuwa anamwita kwa jina.

"Siku hizi masikio yananivuma," Mayenga akasema. Akaaga. Hakurudi tena upande ule.

Jioni moja Benigna alipakua ndizi, akatoka mlangoni kuita kama alivyozoea.

"Ildefons! Mwana wange, njoo ule!"

"Nakuja, mama!" Ildefons akaitika kutoka migombani.

Benigna akasimama, mwiko mkononi. Akageuza sikio gizani. Akapiga hatua moja kuelekea kule, kisha nyingine, na uso wake ukaanza kulegea kama wa mtu anayekaribia kukumbuka.

"Nini, mama?" Yule akatokea nyuma yake mlangoni.

"Kuna kitu kinalia huko. Kinalia kama..."

"Kama nini?"

Benigna akamgeukia. Akamtazama kichwa, akamtazama mikono.

"Si kitu," akasema. "Mimi mtoto wangu ni mmoja tu, na yuko ndani."

Akaingia. Yule akabaki kidogo kizingitini, akatazama migomba moja kwa moja pale Ildefons aliposimama, akainamisha kichwa kwa heshima, kama mtu anavyomshukuru ndugu. Kisha akasukuma komeo.