Chumba cha Mtu Mmoja

Mratibu aliitandaza bustani nzima juu ya meza ya kulia chakula. Milima midogo ya nuru ilichomoza kati ya vikombe, mabembea yakaanza kuzunguka, na mtelezo wa maji ukamiminika hadi ukingoni bila kulowesha kitambaa. Ukiinama ungewaona hata watoto, wadogo kama punje za ulezi, wamepanga foleni.

"Ona pale, Mama Tumpe!" Mwalimu Ambilikile alichomeka kidole katikati ya nuru ile. "Bembea Kuu! Mita mia mbili kwenda juu. Tutaipanda wote."

"Utaipanda wewe. Mimi nitakushikia viatu, kama kawaida."

Sekela Mwakatobe, mkewe, alikuwa mhandisi wa mitambo ya maji jijini Mbeya, na alikuwa amebakiza miezi sita kustaafu. Mumewe alikwisha kuiaga shule miaka miwili nyuma. Januari ile, miezi saba nyuma, walinunua umiliki wa zamu katika bustani ya michezo iitwayo Mawinguni: familia nyingi humiliki nyumba moja ya mapumziko, na kila familia hupata juma lake kila mwaka. Wao walichukua miaka kumi. Mratibu, akili unde ya bustani, ndiye aliyepanga kila kitu, tangu kitanda hadi mchezo. Ili asimpandishe mtu ngazi asizoziweza, kila mteja alivaa bangili iliyopima mapigo ya moyo, usingizi na hatua zake.

Mwalimu aliingia jikoni kutazama maharage. Sekela akabaki anafunua miaka, mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa kwanza, chumba cha wawili. Wa pili, nyumba nzima pamoja na wajukuu. Wa tatu, chumba cha wawili kando ya bwawa.

Wa nne: chumba cha mtu mmoja. Tiketi moja. Bembea Kuu haimo.

Alifunua wa tano. Mtu mmoja. Hakuendelea.

"Mratibu," alisema taratibu, "mwaka wa nne umekosea. Sisi tuko wawili."

"Sijakosea, Mama. Nimefuata makadirio ya uwepo."

"Uwepo wa nani?"

"Habari za mwili wa mtu hutolewa kwa idhini yake mwenyewe."

Kwa miaka thelathini na tano Sekela alikuwa akisoma mitambo, na alijua namba hazisemi ovyo. Bembea haimo. Basi anayebaki ni yule asiyependa bembea. Anayebaki ni mimi, alijiambia, na mtu huyu anayepuliza mvuke wa maharage jikoni hana miaka minne.

Mumewe aliporudi na kijiko mkononi alimkuta amesimama, ameishikilia meza kwa mikono miwili.

"Vipi tena?"

Sekela alimwonyesha mwaka wa nne. Alikuwa amekusudia kumficha, lakini kidole kilimtangulia. Mwalimu alisoma mara mbili, akavuta kiti, akaketi.

"Mratibu," alisema, "mimi Ambilikile natoa idhini. Niambie."

"Makadirio yako hayakubadilisha mpango wa mwaka wa nne, Mwalimu."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Jikoni maharage yalianza kushika chini, harufu ikafika sebuleni, wala hawakuondoka.

"Na mimi nakupa idhini," Sekela alisema.

"Uwezekano wa wewe kuwepo mwaka wa nne, Mama, ni asilimia tisa."

"Mwongo!" Mwalimu aliruka. "Kama ni mimi ninayebaki, mbona umeondoa bembea? Mimi ndiye ninayezipenda!"

"Katika picha zote mlizonipa," Mratibu alijibu kwa sauti ileile ya ukarimu, "hujawahi kupanda bembea bila mkeo kusimama chini."

Walifika hospitali kwa gari linaloning'inia kwenye waya kabla ya adhuhuri. Njia nzima Sekela alikuwa akisikiliza moyo wake, akiogopa kila pigo lisije likawa la mwisho. Daktari, kijana mwenye macho ya kukesha, alimwingiza kwenye kiona-ndani, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, kisha akawaita wote wawili.

"Mshipa mkuu unaotoka moyoni umevimba kama puto," alisema. "Unaweza kupasuka mwezi ujao, au mwakani. Hii bangili umeivaa tangu lini, mama yangu?"

"Januari."

Aliisoma. "Basi iliujua uvimbe huu tangu Januari. Ungekuja wakati ule, ningekuambia upasuaji ni mwepesi. Sasa uwezekano wa kupona ni nusu kwa nusu."

Mwalimu aliwapigia Mawinguni palepale. Sauti ya kike ilimsikiliza hadi mwisho. Ilisema imehuzunika. Kisha ikaeleza kwamba mkataba wao ni wa likizo, si wa tiba; kampuni hairuhusiwi kumtisha mteja asiyeuliza. Ila chumba cha mtu mmoja, iliongeza, kina punguzo.

Kesho yake saa mbili asubuhi Sekela alisukumwa kuelekea chumba cha upasuaji. Alimshika mumewe mkono hadi mlangoni, akaukaza hata kucha zikaacha alama.

"Naogopa, Baba Tumpe."

"Hata mimi."

Upasuaji ulichukua saa saba. Alipofumbua macho siku iliyofuata, jua la alasiri lilikuwa limelala juu ya shuka. Kifua kilimuuma, na maumivu yale yalimfurahisha, kwani maiti haiumwi. Mwalimu alikuwa kando ya kitanda, anakoroga uji. Shati lilikuwa lilelile la jana.

"Nimepona?"

"Umepona. Daktari anasema mshipa mpya utakupa hata miaka ishirini."

Alicheka kidogo, akaumia, akaacha. Ndipo akaona kifundo cha mkono wa mumewe kiko wazi. Bangili haipo, na ngozi pale imechubuka kama kitu kimeng'olewa kwa nguvu.

"Bangili yako iko wapi?"

"Nimeitupa."

"Lini?"

"Ulipokuwa ndani." Aliendelea kukoroga. "Nilikuwa peke yangu, sina la kufanya. Nikamwomba Mratibu anifungulie miaka yote kumi, pamoja na makadirio yangu mwenyewe."

Sekela alijaribu kuinuka, hakuweza.

"Akasemaje?"

Mwalimu alichota uji kijiko kimoja, akaupuliza kwa muda mrefu, akausogeza mdomoni mwa mkewe.

"Kunywa kwanza, Mama Tumpe," alisema. "Utapoa."