Honi Nyuma ya Kikapu

Kila asubuhi, hata kabla ukungu haujaondoka juu ya michai, njia ya Tilolwet huwa imeshajaa watu. Wachumaji wanaelekea mashambani na vikapu vitupu mgongoni, watoto wanakimbilia shule, akina mama wanapeleka maziwa barabarani, na ng'ombe wa mzee Kipyegon wanatembea katikati kana kwamba njia ni yao. Njia yenyewe ni nyembamba. Huku michai, huku michai, na katikati udongo mwekundu unaoteleza vibaya mvua ikinyesha. Na mvua hapo hunyesha karibu kila alasiri.

Sasa katika msongamano huo ongeza Nyakerario na baiskeli yake.

Nyakerario alikuwa mwanafunzi wa gredi ya saba. Baba yake, Ombui, alikuwa akipakia magunia ya majani kwenye lori katika kituo cha kununulia chai. Shule mpya ya Nyakerario ilikuwa mbali, ng'ambo ya kilima, na kwa miguu alikuwa akifika amechelewa, soksi zimelowa, mwalimu ameshafuta nusu ya ubao. Ndiyo maana mjomba wake akampa baiskeli. Alijifunza kuiendesha katika uwanja wa kanisa, mahali pasipo na mtu wala ng'ombe, akaanguka na kuinuka mpaka akajiona ameiva.

Hakuwa ameiva hata kidogo. Katika uwanja mtupu nani hawezi kuendesha?

Njiani mambo yalikuwa mengine. Nyakerario alipiga kengele kuanzia lango la nyumbani hadi lango la shule. Aliyepigiwa kengele alirukia kushoto, na Nyakerario naye alikuwa amekata kushoto. Yule akirukia kulia, Nyakerario naye huyo, kulia. Mwishowe mmoja wao aliingia kwenye michai, na mara nyingi alikuwa Nyakerario. Sweta yake ilikuwa imechanikachanika kwa sababu ya matawi.

"Hawa watu ni viziwi?" alimuuliza rafiki yake Janeffer, akijitoa majani kwenye nywele. "Napiga kengele mpaka kidole kinauma! Badala ya kutoka njiani, wanageuka kuniangalia!"

"Pengine wanaogopa vile unaendesha," Janeffer akasema. "Hata mimi naogopa."

Malalamiko yalifika kituoni kabla ya Nyakerario kufika nyumbani. Jioni moja Ombui aliweka kikombe chake mezani kwa kishindo.

"Leo tena nimeambiwa umemwaga maziwa ya mama Phelis. Mimi nimechoka! Kila siku ni wewe, ni wewe. Sasa sikiliza. Ukimwangusha mtu, hata mmoja tu, hiyo baiskeli inaenda Kipkelion kwa binamu yako Gibson, na wewe utarudia miguu yako."

"Lakini baba, hawanisikii!"

"Basi fanya wakusikie!"

Ombui alisema hivyo kwa hasira tu, lakini Nyakerario aliyachukua maneno hayo kama agizo. Kesho yake alipita kwa fundi wa baiskeli pale sokoni. Fundi alikuwa na honi kuukuu ya mpira, iliyotoka kwenye mkokoteni wa kuuzia aiskrimu. Ukiibinya, ililia kama fahali mwenye mafua. Fundi alifurahi kuiondoa kibandani mwake. Aliifunga kwenye usukani, na Nyakerario akaondoka akitabasamu. Nani angesema hakusikia sasa?

Alasiri hiyo mvua ilikuwa imenyesha na kukatika. Wachumaji walikuwa wakiharakisha kwenda kituoni na vikapu vilivyojaa, kwa sababu lori lilikuwa limeshafika. Lori likikuacha, majani yako yanalala nyumbani yanaharibika, na kazi ya siku nzima imekwenda bure.

Wa mwisho kabisa alikuwa Kogo Tecla. Alikuwa bibi mzee wa Kikipsigis, na wote pale, hata watoto wa Kikisii kama Nyakerario, walimwita Kogo, yaani nyanya. Kikapu chake kilikuwa kimejaa mpaka kikapita kichwa chake. Kutoka nyuma uliona kikapu, sketi na viatu vya gambuti.

Nyakerario alishuka kilimani kwa kasi, akamfikia, akabinya honi kwa nguvu zake zote.

Kogo Tecla alishtuka, akageuka mzima mzima. Kikapu nacho kikageuka naye, kikafunga njia yote. Nyakerario alikamata breki, tairi likateleza, na baiskeli ikaingia moja kwa moja kwenye kikapu. Wote wawili wakaenda chini. Majani yakamwagika, mengine kwenye nyasi, mengine kwenye tope.

"Ai! Wewe mtoto!" Kogo Tecla alifoka akiwa bado amekaa chini. "Hiyo kitu unapigia nani? Mimi niko na macho kwa mgongo?"

"Lakini Kogo, nilipiga honi! Mbona ukageuka?"

"Sasa nisigeuke? Kitu inalia nyuma yangu kama ng'ombe inakufa, na nisigeuke?"

Nyakerario alitaka kujibu, lakini akakumbuka Kipkelion.  Akilini alimwona Gibson akiendesha baiskeli yake huku yeye akikokota soksi zilizolowa kilimani.

"Kogo," akasema kwa sauti ndogo, "tafadhali usimwambie baba."

"Kwanza okota majani! Lori inaenda!"

Waliokota yale yaliyoangukia nyasi wakayarudisha kikapuni. Ya kwenye tope waliyaacha, maana karani wa kituo asingeyapokea. Kogo Tecla alijaribu kusimama na kikapu, akakunja uso. Goti lilikuwa limekataa.

"Beba wewe," akasema. "Mimi nitashikilia hii baiskeli yako."

Nyakerario alivaa mikanda ya kikapu mabegani akainama mbele. Lo! Ulikuwa mzigo. Aliona vidole vyake vya miguu na kipande kidogo cha njia, basi. Kogo Tecla alimfuata akichechemea, ameegemea baiskeli kama mkongojo. Janeffer, aliyekuwa akitoka shule kwa miguu, aliwafikia akaanza kupenya pembeni awapite.

Ndipo Kogo Tecla akabinya honi.

Nyakerario aliruka. Alitaka kuangalia nyuma, shingo ikagonga kikapu, akazungusha mwili wote. Kikapu kikamkumba Janeffer kikamtupa kwenye michai.

"Wewe!" Janeffer akapiga kelele kutoka humo ndani. "Hata bila baiskeli unagonga watu?"

Kogo Tecla hakucheka. "Umeona? Mbona uligeuka?"

Nyakerario alimpa Janeffer mkono atoke. Alikuwa ameaibika mpaka masikio yakamuwaka moto. Mwezi mzima aliwaita watu viziwi, kumbe ni yeye aliyekuwa akiwageuza.

"Watu wa hii njia wanasalimiana," Kogo Tecla akaendelea, sasa kwa upole kidogo. "Wewe sema Chamgei ukiwa mbali. Nikisikia, najua ni mtu, najua ni nani, najua uko upande gani. Naitikia bila kugeuka, nasonga. Nisipoitikia, bado sijakusikia. Shuka, tembea. Hiyo ni ngumu?"

"Si ngumu, Kogo."

Walipofika kituoni lori lilikuwa limeshawashwa. Ombui aliona kikapu kikija na miguu ya binti yake chini yake, na nyuma yake Kogo Tecla na baiskeli. Alimpungia dereva mkono angoje, akakipokea kikapu. Karani aliyapekua majani, akayapima, yakapakiwa. Kisha Ombui akageuka.

"Kuna nini hapa?"

Kogo Tecla alimtazama Nyakerario, wala hakufungua mdomo. Ilikuwa rahisi sana kusema kwamba Kogo aliteleza. Njia yote ilikuwa tope.

"Nimemwangusha Kogo," Nyakerario akasema. Machozi yalikuwa karibu. "Nilimpigia honi nyuma yake. Kosa ni langu, baba."

Ombui alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyechoka. "Mama Tecla, nisamehe. Hii baiskeli inaenda Kipkelion leo leo."

"Baiskeli imekosea nini?" Kogo Tecla akauliza. "Peleka hiyo honi. Na goti langu likipona, ndiyo huyu mtoto ataacha kunibebea kikapu."

Ombui alifikiri. Akaifungua honi kutoka kwenye usukani, akaitia mfukoni.

"Nilikuambia ufanye wakusikie," akamwambia binti yake. "Hapo hata mimi nilikosea. Njia ni ya wote, na mwenye mzigo ndiye wa kwanza kufikiriwa. Wewe mwenye magurudumu ndiye wa kungoja. Na kwa sababu umesema ukweli bila kusukumwa, baiskeli itabaki. Lakini usinijaribu tena!"

Nyakerario alibeba kikapu kila alasiri mpaka goti la Kogo likapona. Honi ilikwenda kwa Gibson, na watu wa Kipkelion nao wakaanza kulalamika.

Asubuhi ya kwanza Kogo Tecla aliporudi njiani, Nyakerario alimwona kwa mbali amebeba mzigo wa kuni mgongoni.

"Chamgei, Kogo! Napita kulia!"

Kimya. Akaita tena, kwa sauti zaidi. Kimya. Shule ilikuwa karibu kuanza, na roho yake ilikuwa juu juu. Hata hivyo alikamata breki, akashuka, akatembea polepole nyuma ya kuni akisukuma baiskeli, amekasirika lakini anatembea.

Walikuwa wamekaribia daraja Kogo Tecla aliposogea pembeni bila kugeuka.

"Chamgei mising," akaitikia. "Nilikusikia tangu kule juu. Nilitaka kujua kama utashuka. Sasa pita, unachelewa shule!"