Jina Lisilo na Mwenyewe

Kompyuta ilipaswa kukataa. Nekesa alikosea herufi moja, na kompyuta ile, ambayo tangu Jumatatu ilikuwa ikimkataa kwa kila kosa dogo, safari hii haikumkataa.

Walikuwa Kitale, katika ukumbi wa mafunzo ulio nyuma ya maghala ya mahindi. Watafiti wa nyanjani walikuwa wameitwa pale wajifunze kuchambua takwimu zao wenyewe kwa programu iitwayo R. Nekesa alitoka Myanga, upande wa Bungoma, ambako kazi yake ilikuwa kuzunguka boma kwa boma akiwauliza akina mama kuhusu homa za watoto. Alikuwa mjane. Mumewe, Bramwel, fundi wa mashine ya kusaga unga, alikufa wakati wa mvua za mwaka uliopita, akamwachia binti mmoja, Emmy. Mtoto huyo sasa alikuwa amebaki nyumbani na nyanya yake.

Mwalimu wao, Kipkemei, alikuwa kijana mwerevu mwenye ulimi mkali. Siku ya kwanza alimwuliza kila mtu jina la programu waliyokuja kujifunza.

"L," akajibu Nekesa zamu yake ilipofika.

"Ati nini?"

"L, mwarimu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Jameni, msikieni huyu mama wa Bungoma," Kipkemei akasema. "Jina la programu ni herufi moja tu, na hiyo moja amekosa! Sasa tukifika kwa majina marefu itakuwaje?"

Tangu hapo, kila neno alilolisema Nekesa, Kipkemei alilirudia huku akigeuza herufi, hata pale Nekesa aliposema sawasawa. Chelagat, mwanamke wa Mlima Elgon aliyekaa naye meza moja, alimnong'oneza, "Achana na yeye, bana. Hata yeye akiita baba yake anasema 'papa'." Nekesa akacheka kidogo, lakini moyoni aliumia.

Asubuhi ile ya Alhamisi Kipkemei aliwafundisha kutunza vitu ndani ya programu.

"Hapa kila kitu ina jina," alisema. "Unaipatia jina, inaenda kukaa mahali huioni. Ukiitaka, unaandika jina yake, inakuja. Lakini jina lazima ikuwe ile ile. Ukikosa herufi moja, itakuambia hakuna kitu kama hiyo. Na ukitaka kuitoa, unaandika rm, halafu jina kwa mabano. Ikitoka haisemi kitu. Ukiona imenyamaza, ujue imefanya."

Wakaambiwa kila mtu atengeneze jedwali dogo na kulipa jina alipendalo. Chelagat aliliita la kwake maziwa. Nekesa aliandika umri wa watoto wa kijiji kimoja, kisha, bila kufikiri sana, akalipa jedwali jina la mumewe. Aliliandika kama lilivyo kwenye cheti cha ubatizo: bramwel. Akaliita, likaja. Akaona raha, tena raha yenye aibu ndani yake, kuona jina lile likiitika.

Akaliita tena. Safari hii vidole vilifuata ulimi. Nyumbani, tangu arusi mpaka msiba, hapakuwa na mtu aliyetamka Bramwel. Wote walisema Blamwel, naye mwenyewe alikuwa akiitika hivyo. Basi Nekesa akaandika blamwel, akangoja yale maandishi mekundu ya kumkataa.

Kompyuta ikatulia, kama mtu aliyesikia akiitwa kutoka mbali. Kisha ikaandika:

Nipo.

Chelagat akainama kutazama. "Hiyo umeandika wewe?"

"Sijaandika."

"Si ni huyu Kipkemei anakuchezea. Usimwonyeshe umeshtuka."

Lakini Nekesa alikuwa hasikii tena. Palikuwa na harufu. Harufu ya unga ukiwa bado moto, iliyochanganyika na dizeli, ile ile ya shati la Bramwel aliporudi jioni kutoka mashineni. Mlango wa ukumbi ulikuwa umefungwa na hapakuwa na unga mahali popote. Nekesa alikuwa mtu wa kanisa, na alijua alipaswa kulitaja jina la Bwana saa ile ile. Hakulitaja. Macho yalimjaa machozi, maana ni vigumu kumshuku mgeni anayeingia na harufu uliyoililia mwaka mzima.

Wenzake walipotoka kunywa chai, yeye alibaki. Akaandika tena blamwel.

Nimekaribia.

Akaandika: uko wapi? Maandishi mekundu yakamkataa kama kawaida. Haikuitika kitu kingine ila lile jina. Akaliandika mara nyingine.

Nimefika nyumbani.

Simu yake ikalia. Ilikuwa namba ya mama mkwe wake, lakini sauti ilikuwa ya Emmy, naye alikuwa akinong'ona.

"Mama, baba amekuja."

"Baba gani, Emmy?"

"Baba yetu. Ameketi jikoni. Ameangalia ukuta. Anasema wewe ndiye umemwita."

"Na nyanya yako? Kukhu yuko wapi?"

"Kukhu anaomba huko nje. Mama, baba ananukia vibaya. Halafu nikifunga macho niombee chakula, ananifungua macho na vidole."

Nekesa hakuaga mtu. Chelagat alimkuta langoni akitafuta gari la kushuka Bungoma, akamshika mkono. "Nenda," akamwambia. "Lakini jua ile kompyuta yako imekataa kuzimika. Nimeng'oa waya, bado inawaka."

Jua lilikuwa bado juu ya mashamba ya miwa alipofika Myanga. Mama mkwe wake, Nabwile, mwanamke wa maombi aliyejulikana mpaka Lugulu, alikuwa amepiga magoti nje ya mlango wa jikoni, Biblia kifuani, sauti imemkauka.

"Mama, mtoto yuko wapi?"

"Ako ndani na hiyo kitu. Nikikaribia, inamkaza mpaka mtoto analia." Nabwile alimshika mkwewe mabega. "Niambie kweli, mama Emmy. Umemwita mtoto wangu?"

Nekesa akamweleza yote, akianzia kwa jedwali. Nabwile alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa polepole.

"Bramwel tulimkabidhi kwa Mungu, na Mungu harudishi tulichomkabidhi. Nimekemea hii kitu kwa jina la Yesu. Inatetemeka, lakini inaniambia ati mimi si mwenye kuiita, kwa hivyo si mimi wa kuitoa. Uliita jina gani huko, mwanangu?"

"Jina yake."

"Vile tunaita?"

Hapo ndipo Nekesa alipoelewa. Kwa ulimi wao lilikuwa jina moja. Ndani ya mashine yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa na mwenyewe, amelala nyuma ya nyumba. La pili halikuwa na mtu, na kitu kilichokuwa kikitangatanga bila pa kukaa kilisikia likiitwa, kikalivaa, kikaja.

Akaingia. Kilikuwa kimeketi kwenye kigoda cha Bramwel, kimeelekea ukutani, mgongo mpana kama wake, kola imegeuka upande mmoja kama yake, na mkono wake mrefu ulikuwa umemzunguka Emmy kiunoni kama kamba iliyozungushwa mara mbili. Harufu ya unga moto ilikuwa imekwisha, na mahali pake palikuwa na uvundo wa mahindi yaliyoozea ghalani, uvundo mtamu unaokaa kooni usimezeke, na kutoka ndani ya kifua kile kulitoka mlio wa mashine ikisaga bila nafaka, jiwe kwa jiwe, mlio usiopanda wala kushuka, na kila ulipoendelea Emmy alizidi kulegea, kichwa kikianguka kidogo kidogo kwenye bega la kile kitu, kama mtoto anayebembelezwa alale.

"Niachie mtoto wangu," Nekesa akasema.

"Umeniita," kikajibu bila kugeuka. "Mtu haitwi bure. Nimekuja kuwa baba."

Nekesa akampigia Chelagat. "Enda kwa kompyuta yangu. Tafadhari, mwambie mwarimu aitoe. Aandike ile ya kutoa."

Simu ilipita mkono mwingine. "Mama Bungoma," Kipkemei akasema, "umetoroka darasa, sasa unanipigia nikufanyie kazi? Na ni nini umefanya hii mashine? Inanuka."

"Toa Blamwel! Nakuomba, mwarimu. Toa Blamwel."

"Bramwel," akamsahihisha. "R. Mara ngapi nitakufundisha? Ngoja, naiona hapa." Nekesa akasikia vidole vyake vikigonga.

"Hapana! Si hiyo! Ngoja!"

"Imenyamaza. Imetoka. Asante ndiyo unafaa kusema."

Nje, Nabwile alipiga yowe moja fupi. Nekesa akainua macho kwenye picha ya arusi iliyotundikwa juu ya kabati. Suti ilikuwepo, na tai, na mkono uliomshika yeye kiunoni. Juu ya kola hapakuwa na kitu, ila rangi ya ukuta wa kanisa uliokuwa nyuma yao siku ile.

Mlio wa kusaga ukakoma. Kile kitu kikageuka.

Kilikuwa na uso wa Bramwel. Sura haikuwa na mwenyewe tena, nacho kilikuwa kimeichukua. Lile kovu dogo la nyusi, meno yaliyoachana, macho yale ambayo Nekesa alikuwa ameyafumba kwa mkono wake mwenyewe, yote yalimtazama, na sauti iliyotoka sasa ilikuwa yake kabisa, ile ya jioni, ya kuomba maji ya kuoga.

"Nekesa," kikasema kwa upole. "Yule mwingine mmeshamtoa. Hakuna amkumbukaye tena isipokuwa kupitia kwangu. Ukinitoa na mimi, huna hata mmoja. Kata simu. Funga mlango. Tukae."

Akasimama pale, simu sikioni. Alitafuta uso wa mumewe moyoni mwake, alivyokuwa siku ya harambee ya arusi yao, siku Emmy alipozaliwa, na kila alipotafuta aliona hicho kilichoketi mbele yake na si kingine. Alitamani kuutazama kidogo tu zaidi. Mungu anajua alivyotamani, maana hakuna mwanamke aliyezika mume ambaye hangetamani, na wakati akitamani hivyo aliona midomo ya Emmy imeanza kuwa ya kijivu kama majivu ya jana, na unga mweupe ulikuwa ukimtoka mtoto puani, ukimwagika polepole kwenye gauni lake, kana kwamba kinachosagwa ndani ya kile kifua, kimya kimya, bila mlio sasa, kilikuwa ni yeye.

"Mwarimu," akasema, na sauti yake haikutetemeka. "Andika tena. Si R. Ni L."

"Sasa unamaanisha R ama L? Ukisema L najua ni R."

"L! L ya Lugulu! L ya Lwakhakha! B, halafu L ya Lugulu!"

Sauti ya Kipkemei ikarudi, na dharau yote ilikuwa imeitoka. "Mama. Imeandika hapa jina yangu. Inasema inakuja kwangu."

"Andika, kijana wangu. Andika na uombe."

Kile kitu kikainuka na mtoto mkononi, kikafungua kinywa cha Bramwel kupita kipimo cha kinywa cha mtu, na kikalia, "Nekesa, usiniue mara ya pili!" Naye Nekesa akafumba macho, akasema kwa nguvu, "Bwana, mpokee wako," na huko Kitale vidole viligonga.

Mashine ilinyamaza.

Emmy alianguka sakafuni, akakohoa unga, akalia kwa sauti kubwa ya mtoto mzima. Kigoda kilikuwa kitupu. Nekesa akamwinua, akamfuta pua kwa leso, akambeba nje kwenye hewa safi akiwa anamshukuru Mungu kwa kila pumzi aliyoisikia ikiingia na kutoka katika kifua kile kidogo.

Walimtafuta Nabwile, wakamkuta nyuma ya nyumba, kando ya migomba, amesimama mbele ya kaburi. Msalaba ulikuwa mahali pake. Ubao wake ulikuwa mweupe, laini, kama haujawahi kuandikwa.

Mama yule aliyembeba Bramwel tumboni, akamnyonyesha, akamzika, aliutazama udongo kwa muda mrefu. Kisha akamgeukia mkwewe, macho yake yamejaa hofu ya mtu aliyepotelea katika boma lake mwenyewe.

"Mama Emmy," akauliza taratibu, "hapa tulimzika nani?"

Nekesa akafungua kinywa. Jina halikuja. Kisha akamshusha Emmy, akamshika mama mkwe mkono, wakapiga magoti wote watatu.

"Mungu anamjua, mama," akasema. "Tumwombee."