Kiti cha Nyuma

Pikipiki yenyewe ilikuwa safi kuliko nyumba za watu wengi ninaowajua. Mzee aliyekuwa akiiuza, mwalimu wa udereva aliyestaafu, alikuwa ameifuta hadi kwenye vyuma vidogo vya magurudumu, akaiegesha kivulini uani kwake na kutandaza gunia chini yake ili mteja aone kwamba haivuji oili hata tone. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jua la kawaida, nguo zimeanikwa kwenye kamba. Shemeji yangu aliizunguka mikono nyuma, kama mtu aliyepelekwa kuchagua mchumba.

Shemeji ni mume wa mdogo wangu. Ni fundi friji, kutwa yuko barabarani na mkoba wa spana, na mvua za mwaka uliopita zilikuwa zimemwangusha kwenye lami hadi mfupa wa bega ukavunjika. Tangu hapo hakuwa na wimbo mwingine ila breki za ABS.

"Ukikamata breki ghafla, tairi haligandi likaserereka," alitueleza mezani, kijiko mkononi. "Kompyuta inashika na kuachia, inashika na kuachia, haraka haraka. Pikipiki inasimama wima."

"Na ikiharibika?" nilimuuliza. "Mtumba wenye kompyuta, fundi gani wa mtaani atautibu?"

"Shemeji, wewe uza viatu."

Tulicheka wote. Kweli nauza viatu, na mzaha huo ulikuwa mzuri siku ile.

Uani kwa yule mzee mimi sikwenda. Yaliyotokea huko alinisimulia mdogo wangu mwenyewe, baadaye sana, amekaa ukingoni mwa kitanda changu cha hospitali akinimenyea chungwa. Nayasema mapema ili asitokee mtu wa kumtetea kwamba hakujua.

Shemeji alipotoka kuijaribu barabarani, mdogo wangu alibaki na mwenye mali. Alikuwa ameona kwamba kiti cha nyuma kimechakaa kwa kukaliwa, lakini vikanyagio vya abiria vimeng'olewa. Akauliza viko wapi. Mzee akaingia ndani, akarudi navyo vimefungwa kwenye kitambaa, lakini hakumpa.

"Mumeo anakupenda?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Mzee, swali gani hilo?"

"Kama anakupenda, usipande nyuma."

Mdogo wangu alicheka. "Na kama hanipendi?"

"Utafika salama."

Akamweleza. Alikuwa amempakia mkewe, akafa. Akampakia binti yake, akafa. Yeye mwenyewe hakupata mkwaruzo, wala pikipiki haikupata. Mlangoni alikuwa amekaa mwanawe wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu, akishona mkanda wa mkoba. Mzee akamwonyesha kwa kidevu, tena bila kushusha sauti.

"Huyu nimempakia miaka yote. Mzima, kama unavyomwona."

Yule mwana alitabasamu kidogo, akaendelea kushona. Yaelekea alikuwa ameshazoea kuyasikia.

"Sasa mbona unaiuza?"

Mzee akasogea karibu. Hili alilinong'ona, ili mwanawe asilisikie.

"Nimeanza kumpenda. Juzi mkono wa breki ulinipiga vidoleni. Barabara kavu, wala sijaukamata. Unapiga kama mshipa wa shingo. Ndivyo ulivyopiga siku ya mama yake."

"Si uichome moto?"

"Pikipiki ya bei hii?" Mzee alishangaa kweli.

Shemeji akarudi, tabasamu limefika masikioni. "Mke wangu, unasemaje? Tuichukue?"

Neno moja lingetosha. Angesema rangi mbaya, mumewe angeiacha, kwa maana hakuwahi kumbishia. Na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa wa mdogo wangu. Ndoa ile ilikuwa ya miaka mingi, mtoto hawajajaliwa, na mwanaume mwenyewe mpole kwa kila mtu. Alimsemesha mkewe kwa upole uleule aliomsemesha jirani, mteja na kuku wa watu. Mdogo wangu hakuwahi kujua kama ana mume au ana mtu mwema anayeishi naye nyumba moja. Alitaka kujua.

"Ichukue," alisema.

Vikanyagio vikafungwa palepale. Akapanda. Njia nzima alimshika mumewe kiunoni, kila kona anafumba macho. Mbwa alikatiza, breki zikashika taratibu, wala hakuyumba. Walipofika mlangoni shemeji alizima injini kwa fahari.

"Umeona? Tumefika salama!"

Mdogo wangu aliingia ndani akajifungia bafuni. Alipotoka macho mekundu, alisema ni vumbi.

Hakukata tamaa. Alisuka nywele, akanunua manukato, akapunguza ulimi, akapika anavyovipenda mumewe mpaka mimi nikamtania kwamba anataka kuolewa upya. Kisha anapanda nyuma. Sokoni, harusini, kwenye mvua, kwenye matope. Kila wakishuka anauliza, "Breki imepiga?" na mumewe, akidhani anaulizwa habari za mashine, anamjibu kwa furaha, "Haijapiga hata kidogo. Ile pesa yetu haikupotea."

Ndipo alipoanza kuwapakia wengine. Alimtuma mumewe ampeleke mama mkwe hospitali ya macho. Mama mkwe alirudi mzima, miwani mipya usoni, anaisifu pikipiki. Mdogo wangu alicheka jikoni mpaka akashika ukuta. Jioni, akimkanda yule mama miguu, alimsimulia yote, tangu uani kwa mzee hadi miwani. Alimsimulia taratibu, kwa adabu zote za mkwe. Kesho yake mama mkwe alifunga mizigo, na hajampigia mwanawe simu mpaka leo.

Baada ya hapo akanikumbuka mimi.

"Dada, njoo ule mchana," aliniambia kwenye simu. "Nimemwambia akupitie."

Naapa kwa kaburi la mama yetu, hapakuwa na kitu kati yangu na shemeji. Alikuwa akinitania, namtania, basi. Nilifunga kibanda, nikavaa viatu vya kahawia vya kamba ambavyo mteja alikuwa amevikataa, nikapanda. Nilikuwa na njaa. Nakumbuka hilo kwa sababu ndilo wazo langu la mwisho la kawaida.

Tulipita kituo cha mafuta. Tukapita shule. Tukaanza kuteremka mteremko wa maghala, barabara kavu, nyeupe kwa jua.

"Shemeji," alisema bila kugeuka. "Breki inapiga."

"Inapiga vipi?"

Nikachungulia juu ya bega lake. Vidole vyake vilikuwa vimenyooka, haviugusi mkono wa breki. Ulikuwa unapiga peke yake.

Akaukamata. Hatukupunguza mwendo. Akaubana kwa nguvu zote, nikaona mishipa ya mkono imemtoka. Ukaendelea kupiga ndani ya vidole vyake. Shika, achia. Shika, achia. Mwendo ukaongezeka. Akakanyaga breki ya mguu. Hewa. Mbele lori lilikuwa limeegeshwa kushoto, limebeba nondo, ncha zimetokeza nyuma, nyingine zimening'inia hadi karibu na lami.

Hakuniambia shika. Hakuniambia ruka.

"Samahani," alinong'ona.

Akalala upande. Nondo zikampita. Mimi hazikunipita.

Kisha breki zikashika. Pikipiki ilisimama wima hatua chache baada ya kulipita lori, haikuacha alama ya tairi kwenye lami. Shemeji alishusha stendi kwanza, ndipo akageuka. Kiatu changu cha kushoto kilikuwa kimebaki kwenye ncha ya nondo, kamba zimefungwa vizuri. Hakikuwa kitupu.

Askari wa barabarani walizijaribu zile breki wao wenyewe, juu na chini ya mteremko uleule. Walisema hawajaona nzuri kama hizo.

Hospitalini mdogo wangu alikuja kila siku. Ndipo aliponisimulia, kisu mkononi, ganda la chungwa likishuka refu bila kukatika.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Ungepanda?"

Nikamwambia ni uzushi wa mzee mwenye kichaa. Nikamwambia ni mteremko, ni mtumba, ni kompyuta mbovu, nilisema tangu mwanzo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Alikwambia nini kabla?"

Nilikuwa na dawa nyingi mwilini, nikajibu kweli. "Alisema samahani."

Alitikisa kichwa polepole. Akanitia kipande cha chungwa mdomoni.

"Mimi nimepanda mara ngapi, dada?" alisema. "Nilijipamba. Nilijipaka manukato. Wewe umepanda mara moja, unanuka gundi ya viatu."

Hakulia. Laiti angelia. Nilimwogopa mdogo wangu niliyembeba mgongoni, na namwogopa hadi leo. Shemeji hakuingia wodini hata siku moja. Muuguzi aliniambia kuna mwanaume anayesimama getini kila jioni, ameshika helmeti mbili.

Siku hizi naendelea kuuza viatu, nimekaa, magongo pembeni. Wateja wananihurumia, wananunua bila kuomba punguzo. Nilimsihi mdogo wangu waiuze ile pikipiki. Alikataa. Nilimsihi amwache yule mwanaume. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa.

Kila Jumapili mchana wanakuja. Shemeji anabaki nje barabarani, hanitazami. Mdogo wangu anashuka kutoka kiti cha nyuma, anavua helmeti, anasimama mlangoni kwangu na mfuko wa machungwa.

"Tumefika salama," ananiambia.

Jumapili iliyopita nilitoka nje nikiwa na magongo. Shemeji alikuwa ameondoka na ufunguo mfukoni, amekwenda duka la kona. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa kivulini, imezimwa, injini imeshapoa. Sijui nilitaka nini. Niliweka vidole viwili juu ya mkono wa breki.

Chuma kilikuwa baridi.

Kisha kikapiga. Kikapiga tena. Polepole, halafu haraka, kama kilikuwa kikinisubiri.

Sikumsikia mdogo wangu akija. Aliinua vidole vyangu taratibu, kimoja kimoja, akaviweka kando. Akaweka vyake mahali vilipokuwa vyangu.

Kikatulia.

Aliinamisha kichwa, akasikiliza. Akabana kidogo. Akasubiri, kama mtu aliyefungua bomba asubuhi akiwa na hakika kwamba leo maji yatatoka.

"Bado," alisema.

Akavaa helmeti. Akapanda kiti cha nyuma, akarekebisha gauni lake magotini, akakaa kumngoja mumewe.