"Yes" ya Mama Adolphine

Miaka ile ya Zaire, Mama Adolphine wa Kalemie aliuza mawese, mafuta mekundu ya michikichi. Aliyanunua kwa wakulima, akayachuja, akajaza bidoni zake, yaani madumu, kisha akavuka ziwa kwa meli kwenda Mpulungu, kule Zambia. Mteja wake alikuwa mmoja tu, mwenye duka aitwaye Bwana Simutowe. Mawese hayo ndiyo yaliyolisha watoto wake.

Bwana Simutowe alisema Kiingereza. Adolphine alijua neno moja tu la Kiingereza, "Yes", na loo, alilitumia kweli! Kwao, mtu mkubwa akisema, mwanamke anapiga goti kidogo na kuitika ndiyo, hata kama hajaelewa kitu. Kumwambia mkubwa "hapana" usoni ni kukosa adabu. Basi kila alichosema Bwana Simutowe, Adolphine alipiga goti: "Yes, yes."

Safari moja mwenye duka alimwuliza kama anaweza kurudi Ijumaa: "Can you come on Friday?"

"Yes, yes."

Meli yenyewe ilienda mara moja kwa mwezi! Ijumaa ikafika, wateja wakaja dukani na chupa zao, mawese hakuna.

Adolphine aliporudi mwezi uliofuata, hakupewa hata kiti. Mpakizi mmoja wa bandarini aliyejua Kiswahili akamweleza: "Mama, patron, huyu mwenye duka, anasema ulimudanganya. Leo atanunua. Ukimudanganya tena, atatafuta muntu mwingine."

Adolphine alirudi Kalemie na uchungu moyoni. Alikwenda kutwanga sombe, majani ya muhogo, kwa jirani yake, Mama Pélagie, aliyejua Kiingereza kwa kuwa alikulia Kitwe, kule Zambia, ambako baba yake alichimba shaba.

"Mimi mwongo?" Adolphine aliwaka. "Mimi nilimuheshimu!"

"Ulimuheshimu, ndiyo," alijibu Pélagie. "Lakini yeye alisikia ahadi. Ukisema 'Yes', umekubali."

"Sasa nimwambie muntu mukubwa 'No'? Aibu gani hii!"

"'No' peke yake ni kali, hata kwao. Ivalishe nguo. Sema, 'No, sir. I am sorry.' Hapana bwana, unisamehe. Kisha umwelezee: 'I can't come on Friday.' Siwezi kuja Ijumaa. 'The boat comes next month.' Meli inakuja mwezi ujao."

"Na kama sijaelewa?"

"Usiitike! Sema, 'Sorry, I don't understand. Please speak slowly.' Samahani, sielewi, tafadhali sema polepole. Kuuliza si ujinga, mudogo wangu."

"Na goti?"

"Goti piga. Goti halikatazi kusema kweli."

Wakaanza mazoezi. Pélagie alijifanya Bwana Simutowe, mchi mkononi, kifua mbele. "Can you come on Friday?"

Adolphine akapiga goti. "Yes, yes."

"Ee Mungu wangu! Ijumaa utaogelea?"

Walicheka mpaka sombe ikamwagika. Wakarudia siku hiyo, na siku nyingine nyingi, mpaka maneno yakazoea kinywa.

Meli ilipofika tena Mpulungu, Bwana Simutowe aliangalia mawese, uso umekunjamana. Akasema maneno mengi, haraka haraka. Adolphine hakushika hata moja. "Yes" ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaimeza.

"Sorry, I don't understand. Please speak slowly."

Mwenye duka akamtazama. Akarudia polepole: "Can you come on Friday?"

Watoto walikuwa wanangoja nyumbani, na mteja huyu hakuwa na wa pili. Adolphine akapiga goti kama mama yake alivyomfundisha, akasema:

"No, sir. I am sorry. I can't come on Friday. The boat comes next month."

Bwana Simutowe alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu anayepanga mambo yake. Kisha akaita watu, bidoni zote zikaingia dukani. Mwenyewe akavuta kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Thank you. Sit down, please."

Neno hilo la kukaribishwa kukaa Adolphine alilielewa, tena miguu ilikuwa imechoka.

"Yes, sir," alijibu, akakaa.